Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Nairobi: mashine ya mtetemo isitangulie mtaalamu

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mkaaji wa Kayole, mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Siku hizi tukikutana kwenye benchi la kliniki, gumzo la wazazi ni mashine ya mtetemo. Wapo wauzaji wanaoinadi kama mwarobaini, na akina mama wanakopa kwenye chama ili mtoto asimamishwe juu yake. Nakuandikia kabla kaunti nayo haijaingia kwenye mbio hizo.

Mashine yenyewe siipingi. Mtoto husimama juu ya bao linalotikisika. Likitetemeka mara 20 kwa sekunde, dakika 3 ni mitikiso 3,600, na misuli huitikia yenyewe bila mtoto kuiamuru. Asiyeweza kusimama hufungwa kwenye kitanda kinachoinuliwa taratibu. Baadhi ya tafiti zimeona misuli iliyokakamaa ikilegea kwa muda, mwendo ukiboreka, na mifupa ya miguu ikiimarika. Hilo la mifupa tusilipuuze: mtoto asiyesimama mifupa yake hudhoofika, hata paja linaweza kuvunjika akivalishwa suruali. Lakini tafiti nyingi ni za watoto wachache na matokeo hayalingani. Ubongo uliodhurika hauponi kwa mtetemo.

Kule Cologne, Ujerumani, hospitali ya chuo kikuu ina mpango wa miezi 6. Mtoto hulazwa kwa vipindi vya mazoezi makali chini ya wataalamu, na nyumbani huendelea na mashine. Yaani mashine inafuata mazoezi.

Hapa kwetu mazoezi ndiyo adimu. Miadi ya fiziotherapia hupishana kwa majuma, misuli ikarudi kukaza kabla ya zamu nyingine. Mama anambeba mgongoni mtoto wa miaka 8, makanga anadai nauli ya viti viwili (hapo usijaribu kubishana), akifika anaambiwa mtaalamu yuko likizo na hakuna wa kumshikia zamu. Mashine ikiletwa leo, itaendeshwa na nani?

Katiba ya 2010 imekabidhi kaunti hospitali zake, kwa hiyo usituelekeze Afya House, makao makuu ya Wizara ya Afya ya serikali kuu. Ajiri kwanza wataalamu wa fiziotherapia, uwapeleke hadi vituo vya afya vya mitaani. Kisha jaribu mashine katika hospitali moja, watoto wapimwe kwa kipimo kile kile kabla na baada, na matokeo tuonyeshwe hata yakiwa mabaya. Mwenye kifafa kisichodhibitiwa au aliyevunjika mfupa karibuni asipandishwe bila idhini ya daktari. Wanaotuuzia mitetemo nao wakaguliwe.

Bajeti ijayo ikisomwa, nitatafuta fungu la mishahara ya wataalamu hao kabla sijaangalia fungu la vifaa.

Wako,
Mama wa Kayole