Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayeogopa kutuchelewesha

Mdogo wangu,

Umeniambia hutakuja kwenye safari yetu ya baiskeli kwa sababu hutaki kuwa mzigo kwa wenzako. Jibu lako limenikaa moyoni. Nakujibu hadharani kwa kuwa wako wengi wanaobaki nyumbani kwa hofu hiyo hiyo.

Nianze na upepo. Kwenye barabara tambarare, ukishafika mwendo wa kilomita 25 kwa saa, nguvu zako nyingi zinaishia kupambana na hewa. Tena hewa haina huruma: ukiongeza mwendo mara 2, inakupinga mara 4. Ndiyo maana msafara hujipanga mmoja nyuma ya mwingine. Anayefuata gurudumu la mwenzake kwa karibu anaweza kupunguziwa robo ya kazi, pengine zaidi. Wa mbele akichoka anajitoa pembeni, anashika mkia, na wa pili anapokea zamu. Mwenye miguu mizito siku hiyo anakaa mbele kidogo tu, au hapiti mbele kabisa, na hakuna anayemhesabia. Upepo ukipiga ubavuni, tunajipanga mshazari ili kila mmoja ajikinge kwa mwenzake.

Ukiwa karibu kiasi hicho huoni shimo, unaona mgongo. Unategemea mkono wa mtu unaokuonyesha chini, na sauti: "Shimo!" "Mchanga!" "Gari nyuma!" Neno linapita mdomo kwa mdomo mpaka kwa wa mwisho. Watu ambao jana walikuwa hawajuani wanakabidhiana meno na mifupa yao tangu kilomita ya kwanza. Kwangu mimi udugu wa barabarani unazaliwa hapo, kabla hata ya soga za jioni.

Halafu kuna njaa. Wanga uliohifadhiwa mwilini hautoshi safari ya kutwa. Ukikanyaga kwa bidii saa chache bila kula, miguu inakufa ganzi na kichwa kinakuwa kizito. Aliyeishiwa mara nyingi ndiye wa mwisho kujua. Wenzake wanaona kwanza: anajibu kwa mkato, anaacha pengo, gurudumu lake linaanza kuyumba. Basi mmoja anasogea ubavuni na kumtilia kitu cha kula mkononi, bila maswali wala mahubiri. Mtu aliyewahi kulishwa hivyo hamsahau aliyemlisha.

Sisemi kwamba kila saa ni tamu. Uchovu unatoa hasira, na ugomvi wetu mwingi huwa ni wa mwendo. Wapenda Audax, waendesha baiskeli wa safari ndefu zisizo za mashindano, walilitatua hilo zamani: kwa mtindo wao, ulioshika mizizi Ufaransa tangu 1904, kundi zima linakwenda pamoja nyuma ya nahodha, kwa takriban kilomita 22.5 kwa saa, na mwenye haraka haruhusiwi kumpita. Mbio zina raha yake, lakini safari ya namna hii naiheshimu zaidi.

Sisi hatuna nahodha. Mlimani kila mtu anapanda kwa gia yake, tunakutana kileleni. Ila tuna sharti moja ambalo nalitetea kwa nguvu zote: waliotangulia hawaondoki pale tu wa mwisho anapofika. Wao wameshapumzika, yeye bado. Anakunywa maji, anapumua, na yeye ndiye anayesema twende. Msafara usiofanya hivyo humnyima pumziko yule anayelihitaji kuliko wote, kisha humlaumu kwa kuchoka.

Pancha nayo ni ya wote. Mmoja anashika baiskeli, mwingine anatoa tyubu, wa tatu anapitisha kidole ndani ya tairi kuutafuta mwiba, wa nne anapiga pampu. Hapo hakuna anayekumbuka nani alikuwa mbele na nani alikuwa nyuma. Na wewe, mwenye mikono mitulivu kuliko sisi sote, utatufaa sana.

Kwa hiyo njoo. Wakati wa upepo utakaa nyuma ya gurudumu langu. Pampu, viraka na gundi vipo. Wewe beba tyubu mbili zinazoingia kwenye magurudumu yako, maana yako ni madogo kuliko yetu na zetu hazitakufaa. Nijibu kabla hatujagawana mizigo.

Ndugu yako