Msitu wa Jangwani

Tucson, Arizona

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Mimi mzima wa afya, natumaini barua hii itawakuta nanyi wazima.

Jumamosi nilikwenda Hifadhi ya Taifa ya Saguaro, nje kidogo ya mji huu. Nilitarajia mchanga mtupu, kumbe jangwa hili ni msitu. Badala ya miti zimejaa saguaro, dungusi kakati kubwa ajabu, nyingine zapita mita 12, mikono imeelekea juu.

Kwenye kituo cha wageni cha Red Hills tulionyeshwa filamu. Watu wa Tohono O'odham, wenyeji wa asili wa nchi hii, huzihesabu saguaro kuwa ni watu. Filamu ilipokwisha, pazia likafunguka. Nyuma yake dirisha kubwa, na zenyewe hizo zimetanda mlimani, kimya, kama zinatutazama. Mama, machozi yalinilengalenga.

Kwenye maonyesho niliona kitu kigumu, cha kahawia, mfano wa kiatu kikuukuu. Askari wa hifadhi aliniruhusu nikishike. Kigong'ota akitoboa saguaro apate kiota, mmea hulizungushia jeraha gamba gumu ili maji yasipotee. Ndege akihama, huingia bundi mdogo kabisa. Saguaro ikifa na kuoza, gamba linabaki. Nilitia vidole ndani nikapapasa palipokuwa kitanda cha makinda. Hata mbavu kavu za saguaro, yaani fito ngumu za ndani yake, hazitupwi: Waodham huziunga zikawa miti mirefu ya kuangulia matunda ya saguaro mwezi Juni.

Lakini nililotaka hasa kukuambia ni hili. Huko nje askari alipiga magoti chini ya mti wa palo verde, akatuonyesha saguaro changa, fupi kuliko kidole gumba changu. Akasema huenda ina miaka minane, au kumi. Mti ule unaikinga na jua la mchana na baridi ya usiku, la sivyo isingekuwa hai. Mkono wa kwanza huota baada ya miaka 50 hadi 75, penye ukame hata 100. Nilichuchumaa pale hadi wenzangu wakaniita.

Picha yake nimeitia humu. Usitafute katikati, Mama. Tazama chini kushoto, kivulini.

Nisalimie wote nyumbani.

Mwanao akupendaye