Mheshimiwa Waziri wa Kilimo, mpunga haunywi wastani

Mheshimiwa Waziri,

Salaam. Taarifa ya msimu ikitoka na kusema mvua ilikuwa ya wastani, huenda huko ofisini mkashusha pumzi. Sisi wa majarubani ndipo tunapotazamana. Milimita za msimu zinaweza kutimia zote na ghala likabaki tupu, kwa sababu mpunga una siku zake za kutaka maji.

Anzia kitaluni. Miche ya kung'oa vizuri ni ya siku 20 hivi. Mvua ikichelewa jaruba halichavangiki, yaani udongo hauvurugiki kuwa tope la kupandia, na miche inazeekea kitaluni mpaka inaota vifundo. Ukiipandikiza hivyo, inatoa machipukizi machache. Kurudia kitalu? Mbegu tulishaimwaga yote.

Hilo bado linavumilika. Kinachotuumiza ni jua la wiki mbili mpunga ukiwa umebeba mimba au unachanua. Kwa mbali shamba linapendeza. Sogea karibu: masuke yamesimama wima, ilhali suke lililoshiba huinama. Bonyeza punje kwa kucha, ndani hamna kitu. Mapepe matupu. Mvua ya wiki inayofuata, hata ijaze mifereji, haiwezi kuzirudishia punje hizo uhai. Tena siku hizi huja yote kwa mkupuo, inabomoa kingo na kuondoka na mbolea. Ikitukuta kwenye mavuno, mpunga ulioanguka unaota papo hapo shambani, na uliokatwa haukauki kufikia unyevu wa asilimia 14 unaofaa kuhifadhi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, utabiri usituishie kwenye "wastani" na "juu ya wastani". Tunataka kujua mvua inatarajiwa kuanza lini na ukame wa katikati unaweza kuchukua siku ngapi, na taarifa hiyo ipyaishwe kila wiki mpaka mpunga uchanue. Mbolea ya ruzuku na zamu za maji nazo zifuate mvua, ziache kufuata kalenda iliyopangwa enzi za mvua nyingine. Mbegu zinazokomaa mapema zipo. Zipo pia zenye jeni ya Sub1, zinazostahimili kuzama kwa takriban wiki mbili. Ila mkulima atachaguaje kati ya hizo mbili kama hajui msimu umekaaje?

Leo miche yangu ina siku 27 na jaruba bado lina nyufa. Jibu la mwezi ujao litanikuta nimeshaamua kwa kubahatisha.

Wako,
Mkulima wa mpunga