Napiga rangi kama wewe tu

Oya mwanangu, mambo vipi?

Juzi umeniuliza kwenye simu huku nasoma nini hasa, nikakujibu "mambo ya solar" nikakata, nisamehe, siku hiyo nilikuwa nimevurugwa. Ila we fundi rangi utanielewa haraka kuliko wengine.

Maana na mimi napiga rangi tu, ila yangu ni ya kutengeneza sola, inageuza mwanga kuwa umeme. Kuna unga wa bluu unaitwa fthalosayanini ya shaba, ndo bluu hiyohiyo inayowekwa kwenye rangi zenu za ukutani na kwenye wino. Tunautia kwenye kikombe ndani ya mashine iliyonyonywa hewa, unapashwa moto, unakuwa mvuke, unaenda kuganda kwenye kioo kule juu. Huo mkono wa kwanza. Mkono wa pili ni unga mwekundu wa ukoo wa perilini. Mikono hiyo miwili ndo aliyotumia Ching Tang, mtafiti wa kampuni ya Kodak, kule Rochester Marekani, mwaka 1986 akapata umeme karibu asilimia 1 ya mwanga, we unacheka lakini kipindi kile ilikuwa habari kubwa.

Sasa utamu uko hapa. Mwanga ukipiga bluu, elektroni inashtuka inaruka ila haiendi popote, inabaki imeng'ang'aniana na tundu iliyoliacha, zinazurura pamoja nanomita 10 hivi (unywele wako mmoja unene wake kama 80,000!), zikibahatika kufika mpakani na nyekundu basi elektroni inavutwa ng'ambo, tundu linabaki kwenye bluu, umeme huo. Zisipofika zinarudiana na mwanga wote umeishia joto la bure.

Mimi kwa ujuaji wangu nikasema nipige bluu nene, nanomita 90, ili inase mwanga mwingi. Weee! Kioo kimetoka kizuri kama doti mpya ya kanga, naweka chini ya taa, mita haisogei. Tang alipaka 25 tu. Eti bluu nyingi yote iko mbali na mpaka, inakula mwanga bila kazi. Siku hizi rangi zote mbili wanazichanganya kabisa ili huo mpaka uwe kila mahali, sola za hivyo za maabara zimeshavuka asilimia 18.

Kesho narudia na 25. Vidole bado vya bluu, sikuvaa glovu, na sabuni ya vyombo imeshindwa. We unatoaga na nini? Msalimie mama, na ile ngazi yangu usiiuze.