Kibandiko kinasema 30, hati inasema 27.6: hatukukupunja

Mwezi huu lalamiko lile lile limefika tena kwenye kaunta yetu hapa Mbeya. Mteja amenunua nyenzo rejea, yaani sampuli ya kuhakikishia vifaa vya maabara ambayo ukubwa wake umeshapimwa, ya chembe nano (chembe ndogo mno) za dhahabu zilizo ndani ya maji; kibandiko kinataja nanomita 30, nanomita ikiwa ni sehemu moja ya milioni ya milimita, lakini hati iliyomo kwenye boksi inataja 27.6 na tena 24.9. Kaka huyu, anayesimamia maabara ya kiwanda cha viungo, alitamka mbele ya wateja wengine kwamba tumempunja. Neno hilo limetuuma, na kwa kuwa si yeye wa kwanza kulisema, tunalijibu kwa maandishi.

Namba 30 ni jina la daraja tu, kama bomba la nusu inchi ambalo fundi akilipima kwa rula halikuti nusu inchi kamili. Zilizopimwa ni namba za kwenye hati. Kwa nyenzo RM 8012 ya NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani, hadubini ya elektroni ilisoma 27.6, hadubini inayopapasa chembe kwa ncha ya sindano ilisoma 24.9, na kifaa cha kutawanya mwanga kilisoma 28.6, kwa sababu chenyewe huipima chembe pamoja na tabaka la maji linaloambatana nayo. Hakuna iliyodanganya. Chukua thamani ya njia unayoitumia maabarani kwako, uachane na namba ya kibandiko.

Kuhusu bei, tunaulizwa kila wiki kwa nini mililita chache za maji mekundu yenye chembe hizo ziwe ghali hivyo. Mtengenezaji hujaza vichupa vingi kwa mkupuo mmoja, kisha huchukua vya mwanzo, vya katikati na vya mwisho na kuvifungua ili ajue kama vinafanana, na vingine huviweka kwenye joto na baridi kwa wiki kadhaa aone kama chembe zitashikamana. Vichupa hivyo havirudi sokoni, na gharama yake imo ndani ya kile unachonunua.

Kwa chakula kazi ni nzito zaidi. Mradi wa Ulaya uitwao NanoLyse, ulioanza mwaka 2010, ulitengeneza nyama ya kuku yenye chembe za fedha na supu ya nyanya yenye silika, unga wa madini unaochanganywa kwenye vyakula vya unga visigandane, maana chembe zikikutana na protini, chumvi na mafuta hufunikwa, hushikamana, na nyingine huyeyuka. Kwa hiyo dhahabu iliyo ndani ya maji inathibitisha mashine yako tu. Haithibitishi kwamba umeweza kuitoa silika kwenye unga wa pilipili. Jambo hilo tunamweleza mteja kabla hajalipa, hata pale ambapo maelezo hayo yanatukosesha mauzo. Tangu Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku titani dioksidi, rangi nyeupe iitwayo E171 kwenye orodha ya viungio, kwenye vyakula mwaka 2022, wasindikaji wanaotaka soko hilo wamekuwa wakituuliza zaidi, na hatuko tayari kuwauzia matumaini.

Hasara kubwa kuliko zote huletwa na friza. Dada mmoja wa Iringa alitaka kichupa kimoja kimtoshe mwaka mzima, akakifungua, akamimina kiasi kwenye mirija midogo na kuigandisha pamoja na sampuli za nyama. Miezi michache baadaye aliturudishia mrija mmoja akisema tulimuuzia maji. Tuliuinua dirishani: ule wekundu wa divai ulikuwa umepotea, maji yamebaki na kivuli cha zambarau, na chini kumetuama vumbi jeusi ambalo halikutawanyika hata tulipoutikisa. Barafu inapojijenga huzisukuma chembe pamoja, nazo zikishashikamana haziachani tena. Vipimo alivyokwisha kuvitoa kwa mirija hiyo ilibidi avirudie vyote, kwa gharama iliyozidi bei ya vichupa viwili.

Kichupa kipya alikilipia bei kamili, kwani punguzo tungelitoa kwenye mfuko wetu, nasi tukamwandikia juu ya boksi kwa wino mzito: USIGANDISHE.