Zile bisi zilizonata

Tanga

Shoga yangu mpenzi,

Salaam nyingi kwako na kwa watoto. Huku hatujambo, mvua zimeanza na ua wote ni tope.

Uliponiambia bisi zako za sukari zilinata hadi watoto wakazila kwa kijiko, niliumia, kwani kosa ni langu. Siku ile ya harusi nilikutajia vipimo haraka haraka nikakimbilia jikoni kwenye pilau, na yale yenye kazi sikuyasema. Leo nimetulia, chai iko pembeni.

Mahindi ya bisi usinunue yaliyokaa wazi dukani muda mrefu. Punje huwa na maji kidogo ndani, kama asilimia 14, na moto ukifika nyuzi 180 hivi maji hayo ndiyo yanayogeuka mvuke na kulipasua ganda. Punje iliyokauka sana haipasuki. Kwa nusu kikombe cha mahindi utapata bisi za kujaza sufuria kubwa. Zipepete kwenye ungo uzitoe punje zilizogoma, maana ndani ya sukari hazionekani na zinavunja meno.

Sasa sukari. Kikombe kimoja cha sukari ya kahawia, siagi gramu 100, asali vijiko viwili vya chakula, chumvi nusu kijiko cha chai. Moto wa wastani, na ikishachemka usiikoroge koroge, itarudi chenga. Ipime kama wanavyopima wapika kashata: dondosha tone kwenye bakuli la maji baridi. Likivutika, bado. Likikauka na kukatika kwa mlio, epua hapo hapo, maana dakika moja zaidi inakuwa chungu. Wewe, kwa ulivyonieleza, uliepua ingali inavutika.

Ukiepua tu, tia nusu kijiko cha chai cha magadi soda, ule unga mweupe, si magadi ya mawe ya kupikia maharage. Itafura mara moja, kwa hiyo tumia sufuria yenye kina. Vile viputo hubaki ndani ya sukari ikipoa, ndiyo maana inavunjika kirahisi mdomoni badala ya kuwa ngumu kama jiwe. Imwagie bisi na karanga ulizokwisha kukaanga na kumenya, ugeuze kwa mwiko. Haraka, shoga yangu, haisubiri! Mimi siku hizi natia korosho. Vipande vilivyovunjika ni nafuu na utamu ni ule ule.

Halafu zikaushe. Kwenye oveni ni nyuzi 120 kwa dakika 45, ukizigeuza kila baada ya robo saa. Kwa kuwa wewe huna, zitandaze kwenye sufuria pana, makaa machache sana chini na mengine juu ya mfuniko, kama unavyooka keki, lakini moto uwe hafifu zaidi na usiondoke jikoni.

Zikipoa kabisa, zitie kwenye kopo la kufunga siku hiyo hiyo. Sukari hunyonya unyevu, na upepo wa bahari hapo Pangani hauna huruma. Ukiziacha sahanini hadi asubuhi utazikuta zimenata tena.

Jumamosi nakuja na korosho nusu kilo. Wewe tafuta mahindi mapya tu, tutapika pamoja.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa Tanga