Mshale wa oili ukigota juu, usimpongeze fundi bado

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wa barua tuseme na wenye Fuso, Canter na pikapu za Mtwara na Lindi, maana magari mengi hufumuliwa injini kabla ya msimu wa korosho. Gari likitoka gereji mshale wa geji ya presha ya oili ukiwa umegota juu, mwenye gari hufurahi na fundi hupewa pongezi kwamba injini imerudi upya. Si kweli. Injini ikishapata moto na mshale bado umeng'ang'ania juu, hiyo ni kasoro, na itafutwe kabla gari halijapakia gunia la kwanza.

Presha ya oili na wingi wa oili inayopita ni vitu viwili. Minya mdomo wa mpira wa maji kwa kidole gumba: maji yataruka mbali, lakini ndoo itachelewa kujaa. Ndani ya bloku ni vivyo hivyo. Geji inaweza kusoma bar 7 huku roka na kemshafti, sehemu za injini zinazofungua valvu, ni vikavu, kwa sababu njia imeziba mbele ya mahali swichi ya oili (sensa inayopeleka habari kwenye geji) ilipofungwa. Na hata njia zikiwa safi, presha iliyozidi huvimbisha kopo la filta na kusukuma mpira wake nje. Oili yote ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, humwagika barabarani, na dereva anayepandisha Newala na mzigo hana nafasi ya kutazama geji kila dakika.

Kazi ya kwanza ni kuhakiki geji yenyewe kabla ya kugusa injini. Fungua swichi ya oili, funga geji ya mkono ya bar 0 hadi 10. Hapa pana mtego: injini nyingi za Kijapani zina uzi wa PT 1/8, meno 28 kwa inchi, ilhali fitingi za Kimarekani za NPT 1/8 zina meno 27. Kwa macho ni mamoja, na huingia mizunguko miwili mitatu kabla ya kukaza. Ukilazimisha, unapasua nyumba ya filta. Geji ya mkono ikisoma kawaida, tatizo liko kwenye umeme. Sensa nyingi za Kizungu hufanya kazi kati ya omu 10 na 180, na kadiri omu zinavyopanda ndivyo mshale unavyopanda. Kwa hiyo waya uliokatika, au utepe mweupe wa mabomba uliozungushwa kwenye uzi ukazuia ethi, hupandisha mshale bila presha yoyote. Injini nzuri zimewahi kufumuliwa mara ya pili kwa sababu ya utepe huo.

Pima injini ikiwa ya moto kweli. Maji hupata moto mapema kuliko oili, kwa hiyo endesha gari dakika 20 hadi 30, oili ifike nyuzi 80 au 90. Asubuhi injini ikiwa baridi, presha ya bar 5 au 6 si jambo la kutisha. Andika namba tatu: kwenye sailensi (injini ikiunguruma bila kukanyagwa), kwenye mizunguko 1500 kwa dakika na kwenye 2500, kisha linganisha na kitabu cha injini hiyo. Dizeli nyingi za Toyota, kwa mfano, hutakiwa kuwa kati ya takriban kilo 2.5 na 6 kwa sentimita ya mraba (kilo moja ni karibu bar moja) kwenye mizunguko 3000.

Namba hizo tatu ndizo zinazoonyesha pa kwenda. Kama sailensi ni ya kawaida lakini presha inapanda na kupanda kadiri unavyokanyaga, wala haifiki mahali ikatulia, rilifu valvu, yaani kilango kinachoachia oili presha ikizidi, haifunguki. Ikipanda kisha ikatulia, ila imetulia juu ya kiwango cha kitabu, valvu inafunguka kwa kuchelewa: springi ni ngumu mno. Ikiwa juu kuanzia sailensi na injini ni ya moto, fikiria oili nzito, njia iliyoziba au beringi zilizoibana krenki, yaani mhimili mkuu wa injini.

Rilifu valvu ndiyo yenye visa vingi. Kwa injini nyingine iko kwenye pampu, nyingine kwenye nyumba ya filta au kava ya mbele. Fungua kizibo, toa springi na pistoni yake ndogo. Mara nyingi utakuta washa moja au mbili chini ya springi. Washa hizo ziliwekwa zamani, injini ilipochoka na taa ya oili ikawa inawaka, ili kuongeza presha. Sasa krenki imechongwa, beringi ni mpya, na washa zimeachwa palepale. Zitoe. Springi iliyovutwa kwa koleo nayo itupwe, inunuliwe ya injini hiyohiyo. Halafu paka pistoni oili safi na uiachie kwenye tundu lake: inapaswa kushuka yenyewe kwa uzito wake. Ikikwama, tafuta vumbi la chuma lililobaki baada ya kuchonga, au mkwaruzo. Isugue taratibu kwa msasa laini wa namba 1000 wenye oili, kamwe si kwa tupa. Angalia pia njia inayorudisha oili kwenye sampu. Gundi ya silikoni iliyopakwa kwa wingi huminyika ndani na kuiziba, na gasketi isiyo na tundu pale inapotakiwa hufanya vilevile. Hapo valvu inafunguka lakini oili haina pa kutokea.

Kuhusu oili yenyewe tutasema machache. SAE 50 ikiwa kwenye nyuzi 100 ina unato (uzito wa kutiririka) wa sentistoki 16.3 hadi 21.9, na SAE 40 ni 12.5 hadi 16.3. Tofauti hiyo geji huiona. Kama umemimina oili nzito pamoja na dawa ya kuzuia moshi, mwaga yote, weka 15W-40 au ile inayotajwa na kitabu, upime tena. Kuzidisha oili kwenye kijiti hakupandishi presha kama wengi wanavyodhani. Krenki huipiga ikawa povu, na povu hushusha presha.

Kwa njia zilizoziba, fungua kava ya roka injini ikiwa sailensi. Oili lazima ifike kwenye roka zote ndani ya dakika moja. Isipofika, shuku gasketi ya hedi iliyogeuzwa, bushi ya kemshafti ambayo tundu lake halikulingana na tundu la bloku, ganda la beringi lisilo na tundu lililofungwa upande wa bloku, au shafti ya roka iliyofungwa kinyume. Bloku iliyotoka mashine ni lazima vizibo vya njia za oili vitolewe na njia zipitishwe brashi ndefu, sabuni na maji ya moto, kisha upepo. Kupuliza upepo tu na vizibo vikiwa mahali pake ni kuusogeza uchafu kutoka kona hii kwenda ile.

La mwisho kukaguliwa, kwa sababu linadai kushusha sampu, ni mwanya wa beringi. Kwa makadirio, jonali (sehemu ya krenki inayozunguka ndani ya beringi) ya milimita 60 huhitaji mwanya wa karibu milimita 0.06. Pima kwa uzi wa plastiki wa kupimia, kofia za beringi zikiwa zimekazwa kwa toki kamili, yaani nguvu ya kukaza inayotajwa na kitabu. Mwanya ukipungua hadi nusu, oili inayopita hapo hubaki sehemu moja kati ya nane. Presha hupanda, beringi hukosa oili ya kuipoza, na huungua. Hii hutokea krenki ikichongwa pungufu, yaani imebaki nene kuliko inavyotaka ganda la beringi la milimita 0.25 au 0.50 (saizi za krenki iliyochongwa) lililonunuliwa. Msikubali kuambiwa "itajilegeza ikitembea." Beringi iliyobana hailegei, hushika.

Tunawaomba wenye magari wadai mambo mawili siku ya kuchukua gari: namba tatu za presha, injini ikiwa moto, ziandikwe kwenye risiti pamoja na aina ya oili iliyowekwa, na beringi za zamani pamoja na washa zilizotolewa kwenye rilifu valvu warudishiwe mkononi.

Mafundi wa injini za dizeli,
Magomeni, Mtwara.